Bima ya gari, duka na afya: ukilipa, unalindwa kwa nini hasa?

Wateja wetu wa Kitale na Bungoma hutuuliza swali hili mara kwa mara: "Bima ya bei rahisi ni ipi?" Sisi hatuuzi bima, tunapitisha malipo tu. Lakini tungependa pesa unayotuma ikufae, kwa hivyo jibu letu huanza na swali lingine: siku ya hasara, utabaki na nini mkononi? Bima ya elfu tano inayokataa kulipa ni ghali kuliko ya elfu kumi inayolipa.

Kama mfuko hauwezi bima zote tatu kwa mara moja, sisi tungeanza na gari, kwa sababu sheria haikuachi uchague. Kisha afya kupitia SHA, kwa sababu hiyo pia ni ya lazima na bei yake iko chini. Biashara ifuate, isipokuwa kama mtaji wako wote umekaa ndani ya duka moja la mbao sokoni. Hapo usingoje.

Gari na pikipiki

Sura ya 405 ya sheria za Kenya inakataza gari au pikipiki kuwa barabarani bila bima ya thadi pati. Hii humlinda yule mwingine: mtu uliyemgonga pale Kanduyi, au abiria aliyeumia. Wewe mwenyewe haikulipi. Ukiacha barabara pale Kiminini na kugonga mti, gari yako utaitengeneza kwa pesa zako. Pia kuna kikomo. Kwa kifo au jeraha, sheria inailazimisha kampuni kulipa hadi Sh3 milioni kwa kila mtu. Mahakama ikitoa zaidi, kilichobaki unaweza kudaiwa wewe.

Ile bima kubwa, ambayo wengi huita komprehensivu, hulipia pia gari yako ikigongwa, ikiungua au ikiibwa. Bei yake ni asilimia ya thamani ya gari. Tuseme gari yako ni ya Sh1,200,000 na umeambiwa asilimia 4. Hiyo ni Sh48,000. Ongeza ada ya mafunzo ya asilimia 0.2, ada ya mfuko wa fidia ya asilimia 0.25, na stempu ya Sh40. Jumla inakuwa Sh48,256. Ukiletewa hesabu iliyozidi hapo, uliza ile nyongeza ni ya nini. Inaweza kuwa ya kioo, ya redio au ya fujo za kisiasa, na huenda unaihitaji. Lakini uambiwe.

Usitaje thamani kubwa ukidhani utalipwa zaidi. Kampuni hulipa bei ya soko ya siku ya hasara, kwa hivyo ile ziada umeitoa bure. Uliza pia sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa chochote. Bima nyingi zinazoonekana rahisi zimeficha ughali wake hapo. Na kama ni Probox ya miaka mingi, kampuni nyingi hazitakupa komprehensivu hata kidogo. Kwa gari kama hiyo sisi tungekata thadi pati, halafu ile tofauti tuiweke akiba ya gereji.

Kinachowaumiza watu wa pande hizi zaidi ni matumizi. Umekata bima ya gari ya kibinafsi, lakini asubuhi unabeba watu wa kulipa kutoka Kitale kwenda Kapenguria, au Bungoma kwenda Chwele. Ajali ikitokea, kampuni ina sababu ya kukataa dai lako, au kuwalipa walioumia kisha ikugeukie wewe uirudishie. Pikipiki ni vile vile: ya kwenda shamba na ya boda boda hazina bima moja. Sema ukweli wakati wa kukata, hata kama bei itapanda kidogo.

Kuna na mpaka. Ukivuka kwenda Uganda kupitia Lwakhakha, Suam au Malaba, cheti cha Kenya peke yake hakitoshi. Omba kampuni yako ikupe Kadi ya Njano ya COMESA kabla ya kusafiri. Bila hiyo, utalazimika kununua bima nyingine upande wa pili.

Siku hizi cheti ni cha kidijitali. Kiangalie mwenyewe kwenye programu ya AKIMIS ya chama cha kampuni za bima, AKI, ujue kama nambari ya gari, tarehe na aina ya matumizi ni sawa.

Afya

Tangu Oktoba 2024, NHIF haipo tena na mahali pake pako SHA. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiyeajiriwa hujibu maswali kuhusu hali ya nyumba yake, kisha anapewa kiwango chake, ambacho hakiwezi kuwa chini ya Sh300 kwa mwezi. Shida ni kwamba huyu wa pili anatakiwa kulipa mwaka mzima mbele, yaani Sh3,600 au zaidi kwa mkupuo. Kwa mama wa mboga hiyo si pesa ndogo. Ndiyo maana kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao ni mkopo unaolipwa kidogo kidogo. Kujisajili ni kwa *147#.

Mchango mmoja huhudumia wewe, mwenzi wako na watoto. Wazazi hawamo. Mama yako aliye Kimilili anajisajili na kulipiwa kivyake, na ni vizuri ulijue hili kabla hajalazwa.

Kwenye zahanati na vituo vya afya, matibabu ya kawaida hayalipiwi mradi umesajiliwa. Hospitali kubwa ndiko mchango wako unaangaliwa. Viwango vilivyotangazwa ni Sh10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji. Hospitali ya kibinafsi ikitoza zaidi, tofauti ni yako. Kwa hivyo ukifikiria kuongeza bima ya kibinafsi, uliza mambo mawili: hospitali ipi ya Kitale, Bungoma au Eldoret inaikubali, na utangoja muda gani kabla uzazi au ugonjwa uliokuwa nao haujaanza kulipiwa. Mara nyingi ni miezi kadhaa. Kukata bima ukiwa tayari mjamzito hakutakusaidia.

Duka na stoki

Hapa kuna hesabu moja ambayo wengi huijua wakiwa wamechelewa. Una stoki ya Sh600,000, lakini ili upunguziwe bei ukasema ni ya Sh300,000. Moto unateketeza mali ya Sh200,000. Unatarajia laki mbili, kwa sababu iko chini ya laki tatu ulizotaja. Kampuni itakulipa Sh100,000. Ulilipia nusu ya mali, kwa hivyo unalipwa nusu ya hasara. Kwa muuza mahindi wa Kitale hili ni kali zaidi, kwa sababu stoki ya Novemba si ile ya Juni. Taja thamani ya msimu ghala likiwa limejaa, au mjulishe mwenye bima inapopanda.

Bima ya moto hailipi mahindi yaliyooza kwa unyevu au kuliwa na dumuzi. Bima ya wizi kwa kawaida hutaka mlango au dirisha liwe limevunjwa, kwa hivyo pesa zilizochukuliwa na mfanyakazi haziingii, mpaka ukate bima ya uaminifu wa wafanyakazi. Na fujo za kisiasa mara nyingi huachwa nje hadi uziongeze. Anayekumbuka mwanzo wa 2008 huko Trans Nzoia hahitaji kuelezwa kwa nini tunalitaja hili.

Ukilipa

Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinasema kampuni isibebe hatari kabla haijapokea malipo. Maana yake, pesa ikiwa bado kwa simu ya ajenti, huenda wewe huna bima. Tuma kwa nambari ya malipo ya kampuni yenyewe, soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN, na usifute ule ujumbe.

Hakikisha pia kampuni iko kwenye orodha ya mwaka huu ya mamlaka ya bima, IRA. Blue Shield iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria 2011, na Resolution 2022, na waliokuwa wamelipa walibaki wakihangaika.

Ajali ikitokea, ripoti polisi upate abstrakti, piga picha, na ujulishe kampuni siku hiyo hiyo. Usikubali makosa wala kuahidi kumlipa mtu pale barabarani. Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi, kisha upeleke barua hiyo pamoja na ujumbe wako wa malipo kwa IRA.