Sahani Nyekundu na Siri ya Joko

Mtu apakaye rangi mlango wa nyumba yake hungoja ikauke, na baada ya miaka michache ya jua na mvua hupaka nyingine juu yake. Lakini rangi ya sahani ya kauri haikupakwa ikakaushwa, bali ni kioo kilichoyeyuka juu ya udongo kikaugandama, na ndani ya kioo hicho mmetawanyika chembe za madini ambazo moto wa joko ndio uliozipa sura yake. Mfinyanzi huchanganya silika, ambayo ndiyo asili ya mchanga, na kitu kingine cha kuisaidia iyeyuke upesi, kwa maana silika peke yake haiyeyuki mpaka joto lipite digrii 1,700, na kabla ya kufikia hapo chombo chenyewe kingekwisha kulegea na kuporomoka. Msaidizi huyo kwa karne nyingi alikuwa risasi, madini laini yenye kuyeyuka kwa joto dogo, yenye kukipa kioo mng'aro wa ulaini usiokuwa na kifani. Na katika mchanganyiko huo hutiwa tena kiasi kidogo cha kobalti ikiwa yatakwa buluu iliyokoza, au shaba ikiwa yatakwa kijani au feruzi, au chuma ikiwa yatakwa manjano ya asali. Ajabu ni kwamba uji upakwao juu ya udongo kabla ya kuchomwa aghalabu hauna hata harufu ya rangi itakayotokea, hata mfinyanzi aliyebobea hungoja joko lipoe kwa moyo wa kutaka kujua.

Nimependa kuieleza sayansi hii kwa mfano mmoja, nao ni vyombo vya mezani viitwavyo Fiesta, ambavyo wakusanyaji wa Marekani wamevitafuta kwa bidii kwa muda wa miaka mingi, na ambavyo, kwa maoni yangu, vimebeba tarehe ya karne nzima katika utando wao wa kioo. Vilitoka katika kiwanda cha Homer Laughlin China Company, kilichoanzishwa na ndugu wawili, Homer na Shakespeare Laughlin, huko East Liverpool katika jimbo la Ohio katika miaka ya 1870, kisha kikavuka mto Ohio na kujenga majoko makubwa huko Newell, West Virginia, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Msanii wake mkuu alikuwa Frederick Hurten Rhead, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1880 huko Hanley, Staffordshire, katika ukoo wa wafinyanzi, naye alifika Marekani angali kijana na kujiunga na kiwanda hicho mwaka 1927. Ustadi wa kemia ulikuwa mikononi mwa Albert Bleininger, mtaalamu wa kauri. Na wawili hao, mmoja kwa jicho na mwingine kwa mizani, ndio waliovifikisha sokoni, mwaka 1936, vyombo visivyokuwa na ua wala jani wala mchoro wowote, ila duara ndani ya duara karibu na ukingo, na rangi tupu.

Rangi za kwanza zilikuwa tano: nyekundu, buluu, kijani hafifu, manjano na rangi ya pembe ya ndovu, na muda mfupi baadaye ikaongezwa feruzi. Wakati huo Marekani ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi, na watu wengi hawakuweza kununua seti nzima ya vyombo kwa mara moja. Hivyo kiwanda kikaviuza kimoja kimoja, na mwanamke mwenye nyumba akanunua leo kikombe cha buluu na mwezi ujao sahani ya manjano, akavichanganya mezani apendavyo, na meza ya fukara ikachangamka kama bustani. Naona kwamba jambo hili ndilo lililovipa vyombo hivyo mapenzi ya watu kuliko ustadi wa Rhead wenyewe, ijapokuwa ustadi huo ulikuwa mkubwa.

Ila nyekundu ilikuwa na bei yake mbali, ghali kuliko wenzake, na sababu yake ilikuwa urani. Madini haya yalitambuliwa na mkemia Mjerumani, Martin Klaproth, mwaka 1789, naye akayapa jina la sayari ya Uranus iliyokuwa imegunduliwa miaka minane tu kabla yake. Na kwa zaidi ya karne moja kazi yake kubwa duniani ilikuwa kutia rangi katika vioo na kauri. Oksidi yake ikichanganywa katika kioo chenye risasi nyingi, na joko likiwa na hewa ya kutosha, hutoa wekundu wenye kuelekea rangi ya chungwa lililoiva, wekundu ambao chuma na shaba haviwezi kuutoa kwa urahisi wala kwa uthabiti. Na hewa ikipungua jokoni, urani iyo hiyo hugeuka ikawa nyeusi. Imekadiriwa kwamba utando wa sahani nyekundu za zamani waweza kuwa na urani hadi asilimia 14 ya uzito wake. Henri Becquerel alikuwa amekwisha kuonyesha, tangu mwaka 1896, ya kwamba urani hutoa miale isiyoonekana. Lakini mnamo 1936 watu walikula wali na viazi juu yake bila ya wasiwasi.

Kisha vikaja vita. Wataalamu walipotambua kwamba kiini cha urani chaweza kupasuliwa na kutoa nguvu isiyowahi kushikwa na mwanadamu, serikali ya Marekani ikazuia urani isitumiwe katika ufinyanzi, na sahani nyekundu ikatoweka katika maduka vita vilipokuwa vimepamba moto. Waliokuwa nazo wakazitunza, na waliozikosa hawakuelezwa sababu. Hapa msomaji wa Kiswahili ana haki ya kusimama kidogo, kwa maana urani iliyotengenezewa mabomu ya kwanza ya atomiki ilitoka kwa sehemu kubwa katika ardhi ya watu wasemao lugha yake. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na mji uitwao leo Likasi huko Katanga, ulikuwa na mawe tajiri kupita yote yaliyojulikana, ambayo mengine yalikuwa na oksidi ya urani zaidi ya nusu ya uzito wake, ilhali migodi mingine ilifurahia asilimia moja au hata chini ya hapo. Mkurugenzi wa kampuni ya Kibelgiji iliyoumiliki mgodi, Edgar Sengier, alihofia yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani, akayapeleka zaidi ya tani 1,000 New York mwaka 1940, nayo yakakaa ghalani Staten Island karibu miaka miwili kabla ya jeshi kuyanunua. Vibarua wa Kikongo waliopasua mawe hayo chini ya jua la Katanga walikuwa wakizungumza Kiswahili chao kila siku, na hawakuwa na njia yoyote ya kujua mzigo ule waenda kufanya nini. Siwezi kuitazama sahani nyekundu ya zama zile bila ya kuwakumbuka.

Mwaka 1959 nyekundu ilirudi, safari hii ikiwa na urani iliyokwisha kupunguzwa ile sehemu yake yenye kupasuka, nayo ikaendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambapo vyombo vyote vya Fiesta viliondolewa sokoni. Mwaka 1986 kiwanda kilivitoa upya, kwa udongo mgumu zaidi na utando usiokuwa na risasi, wala rangi zake mpya hazina urani.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mkusanyaji atakaye kupambanua cha zamani na kipya ni kukipindua chombo. Sahani ya zamani imepakwa kioo hata chini ya kikalio chake, na kwa kuwa kioo kibichi kingeligandama na sakafu ya joko, ilichomwa ikiwa juu ya ncha tatu nyembamba, ambazo alama zake tatu kama vitone huonekana upande wa chini. Sahani mpya kikalio chake ni kikavu, kimefutwa kioo. Fauka ya hayo ziko rangi zenye tarehe zao: kijivu, waridi na kijani cha msituni ni za miaka ya 1950, na kijani cha wastani, kilichotoka kati ya 1959 na 1969 wakati mauzo yamekwisha kupungua, ndicho adimu, hata bakuli moja lake hununuliwa kwa bei ya kabati zima la manjano.

Ama hatari, yafaa isemwe kwa kipimo chake. Miale ya alfa itokayo katika urani haiwezi kupenya karatasi, na nyingi hukwama ndani ya kioo chenyewe. Miale ya beta, itokayo katika vizalia vya urani, husafiri mbali kidogo, na ndiyo inayokifanya chombo cha Geiger kulia kwa kasi kikisogezwa karibu na sahani, na kutulia kikirudishwa nyuma. Mwenye kuiweka sahani hiyo kabatini na kuitazama hapatwi na madhara ya kuhofiwa. Hatari ya kweli ni ya tumboni. Asidi za chakula, yaani siki, ndimu, ukwaju, nyanya, hula kioo taratibu na kuchukua urani na risasi pamoja. Na risasi, ambayo haikosekani katika rangi nyingine za zamani, ndiyo ninayoihofia zaidi, kwa sababu hudhuru ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo na haitoi onyo. Shirika la serikali ya Marekani lisimamialo mazingira limekwisha kuwashauri watu wasile wala wasinywe katika vyombo vya kauri vyenye mnururisho. Nami nasema wazi: achari isiwekwe humo, wala chai ya ndimu, wala mchuzi wa ukwaju, hata kwa siku ya sikukuu. Wazee wa Lamu na Pate walitoboa zidaka katika kuta zao za chokaa wakapanga ndani yake sahani za Uchina, zikawa pambo la chumba na fahari ya nyumba. Sahani nyekundu nayo mahali pake ni hapo.

Utunzaji wenyewe wategemea kuufahamu utando ule. Udongo na kioo havisinyai sawasawa vikipoa, na udongo wa zamani, ambao ni wenye vitundu, hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka na kuvimba kidogo mno; basi kioo kisichoweza kutanuka hupasuka kikatoa nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Katika nyufa hizo huingia mafuta, chai na chumvi, na hapo doa huwa limo ndani, chini ya kioo, halifikiwi kwa kusugua. Kwa sababu hiyo chombo cha zamani huoshwa kwa mkono, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha kikakaushwa mpaka unyevu ukitoke. Hakitiwi maji ya moto kikiwa baridi, hakitiwi katika mashine ya kuoshea vyombo, ambayo dawa zake kali hukitia ukungu kioo, wala hakilowekwi katika dawa ya klorini, kwa kuwa chumvi zake hubaki ndani na baadaye hukua na kukisukuma kioo nje vipande vipande. Sahani zikipangwa moja juu ya nyingine, kila moja itandikiwe kitambaa laini, kwa maana kikalio cha ile ya juu hukwaruza uso wa ile ya chini. Na vikombe visitundikwe kwa mikono yao, ambayo iliunganishwa na mwili kwa uji wa udongo tu, na kiungo hicho ndicho dhaifu kuliko vyote.

Sahani nyekundu ikipata pengo ukingoni, usilipige tupa wala msasa ili kulilainisha, kwani vumbi litokalo hapo ni risasi na urani, na kulivuta puani ni hatari. Na ikivunjika kabisa, vipande vikusanywe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, watoto wakiwa chumba kingine, vifungwe katika mfuko mgumu pamoja na kitambaa kile, na sakafu ifutwe tena kwa maji, pasitumike ufagio.