Moyo wa ng'ombe na kipimo cha ini

Kila Idd el-Hajj hapa Kimbiji tunachinja, na moyo wa ng'ombe huingia chunguni pamoja na maini. Wachache wanajua kwamba katika viwanda vya nje, kutoka kwenye moyo kama huo hutolewa kitu kinachosaidia kupima ini la mgonjwa. Wapo wanaouliza: je, kitu hicho ni safi, na Muislamu akipimwa kwacho ana kosa?

Kitu hicho ni kimeng'enya kiitwacho LDH. Ili kukipata, moyo mbichi huondolewa mafuta na kusagwa ndani ya maji ya chumvi maalumu, vyote vikiwa baridi, kwa sababu joto hukiharibu. Rojo lake huzungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka mabaki ya nyama yatuame chini. Maji ya juu ndiyo yenye LDH, lakini imechanganyika na protini nyingine nyingi.

Hapo hutumika kromatografia ya mvutano, njia iliyoelezwa Marekani mwaka 1968 na Cuatrecasas na wenzake. Mrija hujazwa vipunje laini vitokanavyo na mwani, vilivyounganishwa na rangi ya buluu. Umbo la rangi hiyo linafanana na NADH, kemikali ambayo LDH huitumia katika kazi yake. LDH hunasa hapo, na protini nyingi nyingine husuuzwa zikapita. Kisha humiminwa maji yenye NADH yenyewe. LDH huiachia rangi, hushika mwenzake halisi na kutoka ikiwa karibu peke yake.

Kwa nini usafi huo wote? Ini likiumia humwaga kimeng'enya kingine, ALT, katika damu. Maabara huongeza LDH na NADH kwenye sampuli; kadiri ALT ilivyo nyingi, ndivyo NADH inavyopungua haraka, na mashine husoma kasi hiyo. Lakini moyo nao una ALT kidogo. Ikibaki humo, mashine itaihesabu, na mtu mzima ataambiwa ini lake linaumwa. Huenda hata akasimamishiwa dawa anayoihitaji.

Sasa swali la sharia. Kweli viwanda vingine hutumia moyo wa nguruwe, na vingine bakteria. Lakini ndugu yangu, kimeng'enya hicho huchanganywa na damu iliyokwisha kutolewa, kisha vyote hutupwa. Huli, hunywi, wala hudungwi. Usikatae kipimo kwa hofu hiyo.

Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni suala jingine. Nyingi hutokana na utumbo wa nguruwe, nayo hudungwa mwilini. Hapo muulize daktari kama upo mbadala, muulize na sheikh wako, ukikumbuka ruhusa ya aliyelazimika katika Surat al-Baqara, aya ya 173. Usiache dawa kimyakimya, kwani kulinda uhai ni amana.

Wabillahi tawfiq.