Kujiombea Si Ubinafsi: Nia Inayosahaulika Jumuiyani



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Binza, ufikapo wakati wa kutoa nia, tunawaombea wagonjwa, marehemu na wanafunzi wanaokaribia mitihani. Mvua ikichelewa baada ya pamba kupandwa, karibu kila mmoja huitaja. Nia hizo zote ni njema. Lakini ni mara chache kumsikia mwanajumuiya akiomba yeye mwenyewe amkaribie Mungu zaidi. Wengine wetu tunaona haya, na wengine tunadhani kujiombea ni ubinafsi.

Kanisa halifundishi hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2631, inaeleza kwamba kuomba msamaha ndiyo hatua ya kwanza ya sala ya maombi, na inamtaja mtoza ushuru wa Injili ya Luka, sura ya 18. Mtu yule hakutaja jirani wala mavuno. Alijiombea huruma, akarudi nyumbani amehesabiwa haki. Farisayo naye alijitaja, tena sana, lakini tukisoma kwa makini tutaona kwamba hakuomba kitu chochote. Alijiona ametosheka. Basi ubinafsi katika sala hautokani na kujitaja mbele za Mungu, bali na kujiona hatuna tunachohitaji kutoka kwake.

Yapata mwaka 412, Mtakatifu Agostino alimwandikia barua Proba, mjane tajiri wa Roma aliyetaka kujua namna ya kusali. Alimshauri aombe uzima wa heri. Mungu anayajua mahitaji yetu kabla hatujasema, alieleza, ila anataka hamu yetu ikue kwa njia ya sala, ili tuweze kupokea kile anachotuandalia.

Tuseme wazi kwamba sala hii ina gharama. Aliyeomba mvua akaipata, hushukuru na kwenda shambani. Aliyeomba kumkaribia Mungu, mara nyingi huonyeshwa kwanza jirani ambaye hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba, au ya ng'ombe walioingia kwenye mazao. Katika Mathayo, sura ya 5, Bwana anatuagiza tuiache sadaka yetu mbele ya altare, tukapatane kwanza na ndugu. Mwingine ataonyeshwa hirizi aliyoificha chini ya godoro, ingawa Jumapili hakosi Misa. Mzazi anayemwombea kijana wake aache pombe ataonyeshwa kwamba yeye mwenyewe hajapiga magoti nyumbani tangu Pasaka. Pengine ndiyo sababu nia hii tunaikwepa.

Si lazima maneno yawe mengi. Asubuhi, kabla ya kushika jembe, mtu aweza kuutaja udhaifu wake mmoja kwa jina lake, iwe ni hasira, kinyongo au uvivu wa kusali, na kumwomba Roho Mtakatifu, ambaye katika Luka, sura ya 11, Yesu anasema Baba huwapa wamwombao. Kisha, padre anapofika kigangoni, udhaifu uleule aupeleke katika Sakramenti ya Kitubio.

Wiki hii, viongozi wa jumuiya waweza kuacha kimya cha dakika mbili kabla ya nia nyingine zote, kila mmoja ajiombee moyoni. Baada ya hapo tuendelee na wagonjwa, marehemu na mvua.