Binamu Anaomba, Shangazi Anadai

Mshahara haujaingia, na kundi la WhatsApp la ukoo limeshachangamka. Kuna orodha ya mchango wa matanga: jina na kiasi, jina na kiasi. Anayetoa huinakili, huongeza lake chini, kisha huirudisha. Anayeombolezwa ni ami ambaye wengi kundini hawakumjulia hali alipolazwa. Lakini ole wako jina lako likosekane.

Je, ndugu anatudai kwa sababu tu ni damu yetu?

Sheria ya Urithi ya Kenya, kifungu cha 29, ina jibu la kufikirisha. Mke au mume na watoto wa marehemu ni wategemezi wake, awe alikuwa akiwakimu au la. Wazazi, babu, nyanya, kaka na dada wamewekewa sharti: lazima marehemu awe alikuwa akiwakimu kabla tu ya kufa. Katika kundi hilohilo yumo mtoto asiye wa damu aliyechukuliwa na marehemu akamfanya wake. Binamu hatajwi. Nao Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981, unatuagiza tuwaheshimu wazazi nyakati zote, na tuwakimu wakiwa na haja. Heshima haina sharti, matunzo yanalo.

Naafiki. Anayenidai ni aliyenilea, pamoja na yule niliyemzoesha kunitegemea. Shangazi aliyeuza mbuzi ili ulipiwe karo ana haki ya kukupigia simu hata usiku wa manane. Binamu asiyekukumbuka ila akiwa na shida, leo nauli, kesho kodi ya nyumba, keshokutwa mtaji, huyo anaomba tu. Ukimpa umemfadhili.

Kifungua mimba asishangilie mapema, hata hivyo, kwamba wadogo zake hawakumlea. Katika familia nyingi yeye ndiye aliyesomeshwa kwa shamba lililouzwa, na wadogo zake wakabaki nyumbani bila shamba wala shule. Hao wanamdai, tena deni halisi, hata kama hakuna aliyeandikishana na mwenzake.

Kwa wengine wote, ukiwa huna, sema huna. Usizime simu wala usisingizie mtandao. Na tafadhali, usichukue mkopo wa simu wa Fuliza ili jina lako lionekane kwenye orodha ya matanga. Ada zake utazilipa peke yako.