Masisi na Rutshuru: kura ya mwisho ilikuwa mwaka wa 2018

GOMA, Kivu Kaskazini – Kijana aliyezaliwa Januari 2001 kule Kiwanja au Masisi-kati hajawahi kumpigia mbunge kura. Tarehe 30 Desemba 2018, watu wa kwao walipopanga mstari mbele ya mashine za kupigia kura, yeye alikuwa na miaka 17, hakuruhusiwa. Tarehe 20 Desemba 2023, nchi iliporudi kwenye vituo, alikuwa na miaka 22, lakini kwao hakukuwa na kituo. Kalenda ya katiba ikifuatwa, uchaguzi mwingine ni Desemba 2028. Siku hiyo atakuwa na miaka 27, na huenda ana watoto wanaokwenda masomo.

Hesabu hiyo ni ya wilaya mbili nzima kati ya sita za Kivu Kaskazini. Goma, Nyiragongo, Walikale, Lubero, Butembo na Beni zilipiga kura mwaka wa 2023, kila moja na matatizo yake. Masisi na Rutshuru hazikupiga: si ya rais, si ya wabunge wa taifa, si ya wabunge wa jimbo. Nje ya Kivu, ni Kwamouth tu, kule Mai-Ndombe, iliyobaki nyuma pamoja nazo kwa ajili ya usalama mbaya.

Mengi yamesemwa juu ya vita hivi, juu ya silaha, mipaka na mikutano ya ng'ambo. Juu ya viti vya Masisi na Rutshuru watu husema kidogo, kana kwamba kura ni jambo la kungoja mpaka mambo makubwa yaishe. Lakini mambo hayo makubwa yenyewe, yaani nani atasema kwa jina la nani, ardhi ni ya nani, nani ahesabiwe kuwa mwenyeji, ndiyo ambayo kura ingepaswa kuyashughulikia.

Kiti huanza na kadi

Kwa sheria ya uchaguzi ya Kongo, kila wilaya ni eneo la uchaguzi, na kila mji vilevile. Kinshasa peke yake ndiyo hukatwa vipande kadhaa kwa sababu ya ukubwa wake. Bunge la taifa lina viti 500, na hesabu ya kuvigawa si ngumu: idadi ya watu wote walioandikishwa nchini hugawanywa kwa 500. Mwaka wa 2023 tume ya uchaguzi, CENI, ilihesabu karibu wapiga kura milioni 44. Kwa hiyo kiti kimoja kilikuwa na uzito wa watu kama 88,000. Eneo lenye walioandikishwa mara nne ya hapo hupata viti vinne. Lililo dogo kabisa halikosi kimoja.

Kinachohesabiwa hapo ni watu wenye kadi. Wakaaji wasioandikishwa hawamo, hata wangekuwa wengi namna gani. Ndiyo maana wanasiasa wazoefu wa hapa hawangoji kampeni. Wao wanajua kwamba uchaguzi huanza siku mashine ya kuandikisha inapofika kijijini, na kwamba kijiji ambacho mashine haikufika kimekwisha kupoteza kabla ya mgombea yeyote kubandika picha yake.

Uandikishaji wa mwisho ulianza Desemba 2022 upande wa magharibi ya nchi, ukafika Kivu Kaskazini Februari 2023. Wakati gani huo! Bunagana ilikuwa mikononi mwa M23 tangu Juni 2022. Rutshuru-kati na Kiwanja zilikuwa zimeanguka mwisho wa Oktoba. Kitshanga, mji ulio mpakani mwa Masisi na Rutshuru, ulikuwa umechukuliwa Januari, na mwezi uleule wa kuandikisha mapigano yalikuwa yanashuka kuelekea Mushaki na Sake, kilomita kama 25 kutoka Goma. Watu walikuwa wanapita barabarani na magodoro vichwani. Kazi ya kuandikisha haikuweza kufanyika kama inavyotakiwa, na CENI ya Denis Kadima ikaenda kwenye uchaguzi bila wilaya hizo mbili.

Januari 2024 tume ikatangaza matokeo ya muda: wabunge wa taifa 477 kati ya 500. Rais Félix Tshisekedi aliapishwa tarehe 20 mwezi huo. Yeyote anayesema leo kule Kinshasa kwa jina la Masisi au Rutshuru hana mkononi kura ya mwaka wa 2023 kutoka huko, maana kura hiyo haikuwapo.

Waliorudiwa na wasiorudiwa

Kati ya viti vilivyobaki vitupu siku hiyo, kulikuwa pia na vya Masimanimba, kule Kwilu, na Yakoma, kule Ubangi Kaskazini. Huko watu walikuwa wamepiga kura, lakini CENI ilifuta matokeo Januari 2024 kwa sababu ya udanganyifu, katika uamuzi uleule uliowaondoa wagombea 82 sehemu mbalimbali za nchi. Tarehe 15 Desemba 2024, mwaka mmoja tu baadaye, Masimanimba na Yakoma zilirudia kura.

Ni haki yao, hakuna anayewaonea wivu. Hata hivyo mtu wa Rutshuru akilinganisha ana sababu ya kutikisa kichwa. Palipoibwa kura, masanduku yalirudi. Palipoibwa amani, bado.

Kivu Kaskazini ilikuwa imeonja jambo la namna hii mbele. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya kura, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo hazitapiga na nchi nzima, na kwamba kwao ni Machi 2019. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola, iliyokuwa imetangazwa tangu Agosti 1, na mauaji ya vikundi vya silaha. Yumbi, kule Mai-Ndombe, iliahirishwa pia. Zaidi ya wapiga kura milioni moja waliachwa nje, na rais mpya akaapishwa Januari 2019 bila wao. Watu wa Beni hawakukubali kukaa nyumbani. Tarehe 30 Desemba walipanga mistari yao wenyewe, wakanawa mikono kwa sababu ya Ebola, wakapiga kura ya mfano ambayo hakuna tume iliyoihesabu.

Lakini Beni na Butembo zilichagua wabunge wao tarehe 31 Machi 2019. Zilingoja miezi mitatu. Masisi na Rutshuru zinahesabu miaka.

Aliyeongoza CENI wakati huo, na kutangaza ahirisho lile, alikuwa Corneille Nangaa. Alikuwa mwenyekiti wa tume tangu 2015 hadi 2021. Tarehe 15 Desemba 2023, siku tano kabla ya uchaguzi ambao Masisi na Rutshuru zilikosa, alitangaza mjini Nairobi muungano wa kisiasa na kijeshi, AFC, pamoja na M23. Mwisho wa Januari 2025 muungano huo uliingia Goma. Yaani mtu aliyekuwa na kalenda ya kura mkononi ndiye leo kiongozi wa upande unaoshika maeneo ambako kura haikufika. Watu wa Goma wamezoea mambo ya ajabu, lakini hili wengi wao bado hawajui waliweke wapi.

Magavana wawili, hakuna aliyechaguliwa

Shimo halikuishia Kinshasa. Bunge la jimbo ndilo humchagua gavana. Carly Nzanzu Kasivita, aliyechaguliwa mwaka wa 2019, ndiye gavana wa mwisho wa Kivu Kaskazini aliyepita njia hiyo. Mei 2021 hali ya dharura ilitangazwa hapa na katika Ituri. Mamlaka ya serikali ya jimbo na ya bunge la jimbo yalisimamishwa, wanajeshi wakachukua usukani. Hali hiyo ilipaswa kuwa ya muda mfupi, na kwa sheria hurefushwa siku 15 kwa siku 15. Imerefushwa mara nyingi mno kiasi kwamba tangazo lake kwenye redio halimfanyi mtu anyanyue kichwa.

Aprili 2024 majimbo mengi yalichagua magavana. Kivu Kaskazini haikuchagua. Kwa hiyo hata mtu wa Goma aliyepiga kura ya mbunge wa jimbo Desemba 2023, akatoka kituoni na wino kwenye kidole, hakuona kura yake ikifanya kazi ile kubwa iliyotumwa kufanya. Goma na Masisi hazitofautiani sana hapo. Moja ilipiga kura ikabaki njiani, nyingine haikuanza safari.

Leo jimbo lina watu wawili wanaoitwa gavana. Kinshasa ilimteua Jenerali Évariste Somo Kakule, anayefanya kazi kutoka Beni. AFC/M23 nayo ilimweka Joseph Bahati Musanga hapa Goma. Hakuna hata mmoja wao aliyepita mbele ya wabunge wa jimbo.

Kadi ndani ya nailoni

Kwa mwananchi wa kawaida, hasara ya kwanza iko mfukoni, mbali na Kinshasa. Katika Kongo kadi ya mpiga kura ni kitambulisho pia. Ndiyo anayoonyesha mtu kwenye vizuizi vya barabarani, ndiyo anayobeba akitaka laini ya simu, akitaka kutoa pesa alizotumiwa, akitaka kulala hoteli. Kitambulisho cha taifa kilichoahidiwa miaka na miaka hakijawafikia walio wengi. Kwa hiyo Masisi au Rutshuru ilipokosa uandikishaji, haikukosa kura tu. Mzee alibaki na kadi ya uandikishaji wa 2016 na 2017, picha imefifia, imefungwa katika nailoni isiloane. Kijana alibaki bila kitu, na kijana asiye na kitambulisho katika nchi yenye vita huulizwa maswali mengi kuliko wengine.

Kuna na lile la kambi. Kwa miaka miwili na zaidi, watu wa Rutshuru walijaa Kanyaruchinya, watu wa Masisi wakajaa Bulengo na Rusayo. Kwa sheria mtu hupigia kura kituo alichoandikishwa, na mbunge anayemchagua ni wa eneo hilo. Mkulima wa Bwito anayeandikishwa Nyiragongo humpa uzito mgombea wa Nyiragongo, na Bwito hupungua mtu mmoja katika hesabu. Februari 2025, baada ya Goma kuanguka, kambi zilivunjwa kwa siku chache na wengi walirudi makwao, au mahali palipokuwa makwao. Orodha yoyote iliyotengenezwa mbele ya hapo haifanani tena na watu walivyokaa.

Hapo ndipo hofu kubwa inapokuja, hasa Masisi, ambako Wahunde, Wahutu, Watutsi na wengine huishi mlima kwa mlima na kila jamii hutazama nani yumo katika orodha na nani hayumo. Orodha ikitengenezwa wakati sehemu ya watu iko ukimbizini Uganda au Rwanda, walioko nje watasema wamefutwa. Ikiwangoja wote, walioko ndani watasema wananyimwa. Maswali hayo yatamfikia ofisa wa CENI mezani, kadi kwa kadi, hata kama wakubwa watakuwa wametia sahihi karatasi zote.

Tamko la kanuni lililosainiwa Doha tarehe 19 Julai 2025 kati ya serikali na AFC/M23 lilizungumzia kurudishwa kwa mamlaka ya serikali nchini kote. Bila hilo CENI haina namna ya kufika Kiwanja. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa katika mapigano ya Januari 2025, mabenki yakafunga milango, na mashine za kuandikisha, wino na posho za maofisa havipandi vyenyewe kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500.

Mara iliyopita uandikishaji ulianza mwaka mmoja kamili kabla ya kura. Kwa kura ya Desemba 2028, kipimo hichohicho kinaangukia Desemba 2027.