Kurejesha Watuhumiwa Baina ya Majimbo ya Marekani (2): Makosa Makubwa na Madogo
Ibara ya 4 ya Katiba ya Marekani inaagiza kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa uhaini, kosa kubwa la jinai au kosa jingine, akikimbilia jimbo jingine, akabidhiwe kwa jimbo alikotoroka pindi gavana wake anapomdai. Mbele ya agizo hilo mwizi wa kuku na muuaji ni sawa. Mwaka 1861, katika kesi ya Kentucky dhidi ya Dennison, Mahakama ya Juu ilitamka kuwa makosa madogo nayo yamo. Hata hivyo hukumu hiyohiyo iliacha mwanya mkubwa. Gavana wa Ohio alikuwa amekataa kumtoa mtu mweusi huru aliyeshtakiwa Kentucky kwa kumsaidia mtumwa kutoroka. Mahakama ikasema ana wajibu wa kumtoa, ila hakuna wa kumlazimisha. Mwanya huo ulizibwa mwaka 1987 tu, katika kesi ya Puerto Rico dhidi ya Branstad.

Tofauti ya makosa hujitokeza kwenye utekelezaji. Hati ya kukamata inapoingizwa katika kumbukumbu za kitaifa za polisi, huandikwa mtuhumiwa atafuatwa mpaka wapi. Muuaji hufuatwa kokote nchini. Aliyeiba kitu kidogo dukani mara nyingi hufuatwa katika majimbo jirani tu, au asifuatwe kabisa nje ya jimbo. Sababu ni fedha: anayedai ndiye anayegharimia askari na nauli, na si rahisi kutuma askari kutoka Florida hadi Alaska kwa kosa la kutozwa faini. Mtu wa namna hiyo akisimamishwa barabarani ugenini, huenda akaachwa aende zake. Hati yake haifi. Akirudi alikoshtakiwa, hukamatwa.

Anayekamatwa hufikishwa kwa hakimu. Wengi husaini kwamba wamekubali kurudishwa. Anayekataa husubiri hati ya gavana, na kwa sheria ya mfano ya mwaka 1936, iliyopitishwa na majimbo mengi, anaweza kuwekwa mahabusu siku 30, zikaongezwa hadi 60 zaidi. Wakati huo hakimu anaweza kumpa dhamana, isipokuwa kama kosa lina adhabu ya kifo au kifungo cha maisha.

Hati ikishatolewa, pingamizi lake huwa finyu. Tangu kesi ya Michigan dhidi ya Doran, mwaka 1978, mahakama huangalia kama nyaraka zimekamilika, kama yapo mashtaka, kama aliyeshikwa ndiye anayetajwa, na kama kweli alitoroka. Suala la hatia huachiwa jimbo linalomdai.