Waya Mrefu Huwanyima Vifaranga Joto: Ijue Hesabu ya Stima

Siku hizi paneli za sola zaonekana juu ya mabati katika skimu nyingi. Wakulima wengine wameanza kuwapasha vifaranga joto kwa stima ya betri badala ya jiko la makaa. Ni jambo jema, kwa maana moshi hauingii bandani. Lakini kifaranga wa juma la kwanza anahitaji joto la digrii 32 hadi 35, na akikosa joto hilo usiku, asubuhi utamkuta amekufa. Kwa hiyo, kabla ya kununua waya, yakupasa ujue ni stima kiasi gani itakayofika bandani. Hesabu yake ni ya kuzidisha na kugawanya tu.

MANENO YA KUJUA

Fikiri juu ya tangi la maji lililo mlimani, na mpira unaoteremka mpaka shambani. Tangi likiwa juu zaidi, maji husukumwa kwa nguvu zaidi. Katika stima, msukumo huo hupimwa kwa volti. Wingi wa maji yapitayo ni kama mkondo wa stima, nao hupimwa kwa ampea. Mpira mwembamba na mrefu huyazuia maji. Vivyo hivyo waya mwembamba na mrefu huuzuia mkondo. Kizuizi hicho huitwa ukinzani, nacho hupimwa kwa omu. Jina hilo latokana na Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa shule, aliyeitangaza kanuni yake mwaka 1827. Nguvu ya kufanya kazi hupimwa kwa wati.

Shika kanuni hizi:

Volti ukigawanya kwa ampea, utapata omu.
Ampea ukizidisha kwa omu, utapata volti.
Volti ukizidisha kwa ampea, utapata wati.

TUFANYE HESABU

Tuseme umenunua kifaa cha kupasha joto cha volti 12, kinachotumia ampea 5. Zidisha 12 kwa 5: ni wati 60. Gawanya 12 kwa 5: ukinzani wake ni omu 2.4.

Betri iko nyumbani, na banda liko mita 50 kutoka hapo. Umenunua waya wa shaba wa 1.5, ambao ukinzani wake ni omu 12 hivi kwa kila kilomita. Kumbuka kwamba stima huenda na kurudi, basi hesabu mita 100. Ukinzani wa waya ni omu 1.2. Jumlisha na ule wa kifaa, 2.4, upate omu 3.6.

Sasa gawanya volti 12 kwa omu 3.6. Mkondo si ampea 5 tena, ni ampea 3 na theluthi moja. Zidisha hizo kwa omu 2.4 za kifaa: vifaranga wanapata volti 8 tu. Zidisha 8 kwa 3 na theluthi: ni karibu wati 27. Ulilipia wati 60, na hata nusu haikufika! Volti 4 zimepotea njiani zikiupasha waya joto. Mkulima asiyejua hesabu hii atamlaumu mwenye duka, kumbe kifaa ni kizima.

LA KUFANYA

1. Sogeza betri karibu na banda. Ikiwa mita 5 tu kutoka kwenye kifaa, wati 54 hivi zitafika. Iweke mahali pakavu penye hewa ya kutosha, mbali na moto, kwa sababu betri ya asidi inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kuwaka.

2. Kama haiwezi kusogezwa, nunua waya mnene wa 6. Kwa mita 50 zile zile, karibu wati 47 zitafika.

3. Pima volti kwenye kifaa chenyewe kinapowaka, si kwenye betri. Usiweke kamwe mita iliyo upande wa ampea moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri, itaungua.

4. Pima na usiku wenyewe. Ampea 5 kwa saa 12 ni ampea-saa 60. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kutumiwa kupita nusu, basi hiyo moja haitoshi.

Stima ya laini, yenye volti 240, hufuata kanuni hizi hizi, lakini inaua. Hesabu yake ifanye wewe kwenye karatasi; waya zake aziguse fundi mwenye leseni.

Basi kabla ya kwenda dukani, pima kwa hatua umbali kutoka betri mpaka banda, uuzidishe mara mbili, ufanye hesabu. Karatasi na kalamu ni rahisi kuliko vifaranga mia.